Mkaa Ukiungua Huenda Wapi?

Somo la sayansi kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosemwa katika redio.

(Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya saa ya somo, weka mezani mshumaa mmoja, kiberiti, bilauri mbili za kioo, mrija mmoja, na maji ya chokaa. Maji ya chokaa hutengenezwa hivi: tia vijiko viwili vya chokaa ya unga ya kupaka nyumba katika chupa ya maji, tikisa, yaache yatulie usiku kucha, kisha mimina polepole yale maji maangavu ya juu. Maji haya yasinywewe, wala yasiguse macho.)

Fungueni madaftari, shikeni kalamu. Leo tutafanya sayansi na hesabu kwa pamoja.

Naanza na kitendawili. Kitendawili! Najua mmejibu: Tega. Haya, natega: Gunia zima liliingia mlangoni, halikutoka tena, mwisho wa mwezi nimebakiwa na ndoo ndogo.

Jibu ni mkaa. Mwenye baiskeli ameleta gunia, limejaa mpaka mdomoni, na watu wawili wamelishusha kwa taabu. Mama amepika wali, amechemsha maharage, amepasha maji ya kuoga. Siku zimepita, na gunia limebaki mfuko mtupu. Tukikusanya majivu yote yaliyozolewa jikoni, hayafiki kilo 3. Gunia lilikuwa na kilo 40 au 50. Je, zile nyingine zimekwenda wapi?

Watu husema, "Mkaa umekwisha." Kwa mazungumzo ya sokoni neno hilo linafaa. Kwa sayansi halifai. Andikeni kanuni yetu ya kwanza kwa herufi kubwa: KITU KIKIUNGUA HAKIPOTEI, KINAGEUKA. Tukijua mkaa umegeuka nini, tutafahamu mambo matatu yenye faida. La kwanza, kwa nini jiko la mkaa laweza kumwua mtu usingizini. La pili, kwa nini kuni nyingi hutoa mkaa kidogo. La tatu, kwa nini dunia nzima siku hizi inazungumza habari za hewa ukaa.

HEWA NI KITU

Mtu akitazama debe lisilo na maji husema ni debe tupu. Kwa kweli limejaa hewa. Lizamisheni mtoni huku mdomo wake ukiwa chini, nanyi mtaona maji hayalijazi. Liinamisheni kidogo, na hewa itatoka ikibubujika. Basi hewa ni kitu, ina mahali pake, na hata uzito inao. Chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu kina hewa yenye uzito wa kilo 25 hivi. Hatuuhisi uzito huo kwa sababu tumezaliwa ndani yake, kama samaki alivyozaliwa ndani ya maji.

Tena hewa si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa gesi mbalimbali, kama makande yalivyo mchanganyiko wa mahindi na maharage. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, sehemu 78 ni gesi iitwayo nitrojeni, na sehemu 21 ni oksijeni. Ile sehemu moja iliyobaki ni gesi nyingine, na kubwa kati yake yaitwa argoni. Hewa ukaa, ambayo ndiyo habari yetu ya leo, ni kidogo sana: katika sehemu 10,000 za hewa ni sehemu 4 na kitu.

Sasa kiongozi wa darasa na awashe mshumaa, kisha aufunike kwa bilauri. Tazameni wote. Hesabuni polepole: moja, mbili, tatu... Mwali umenywea. Sasa umezimika. Nta ipo, utambi upo, lakini moto hakuna. Kilichopungua ni oksijeni. Moto unahitaji oksijeni kama sisi tunavyoihitaji, na akiba iliyokuwa ndani ya bilauri haikuutosha.

KABONI NA OKSIJENI

Mkaa mzuri, ule mweusi unaolia kama kigae ukigongwa, sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho kaboni. Kila kitu duniani kimefanyika kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo huitwa atomu. Mkaa ni atomu za kaboni. Tunaweza kusema, kwa mfano tu, kwamba kila atomu ya kaboni ina mikono minne, na kila atomu ya oksijeni ina mikono miwili. Mkaa ukishika moto, kila kaboni mmoja hushikana na oksijeni wawili. Mikono minne kwa mikono minne, hakuna unaobaki wazi. Katika kushikana huko hutoka joto kubwa, na joto hilo ndilo lichemshalo maji ya wali.

Kitu kipya kilichozaliwa ni gesi. Wenye elimu huiita kaboni dayoksaidi. Katika Kiswahili twaiita hewa ukaa, na jina lenyewe ladokeza jibu la kitendawili chetu, maana "ukaa" ni ndugu wa "kaa" na "mkaa". Mkaa wote ule uliobebwa kwa baiskeli umegeuka kuwa gesi, umepanda juu ya sufuria, umetokea dirishani, umekwenda zake. Haukuonekana kwa sababu gesi hii haina rangi.

Sasa tufanye hesabu. Atomu ya kaboni tuipe uzito wa 12. Atomu ya oksijeni ni 16, na wawili ni 32. Andikeni:

12 + 32 = 44

Maana yake, kilo 12 za kaboni zikiungua sawasawa huchukua kilo 32 za oksijeni kutoka katika hewa, na hutoa kilo 44 za hewa ukaa. Pengine bwana mmoja huko nyuma anasema, "Haiwezekani! Kilo 12 zizae kilo 44?" Inawezekana, Bwana, maana zile 32 zilikuwa tayari chumbani mwako, wala hukuzinunua sokoni. Moto umeziunganisha tu.

Tufanye jaribio la pili. Kiongozi na amimine maji ya chokaa katika bilauri. Mmoja wenu atie mrija na apulize polepole. Apulize tu, asivute hata kidogo. Mnaona nini? Maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuwa meupe kama yametiwa maziwa. Hiyo ndiyo alama ya hewa ukaa, nayo imetoka katika pumzi yake. Wali tuliokula una kaboni ndani yake, na mwili huiunganisha na oksijeni polepole, bila mwali wala moshi, tukapata joto na nguvu ya kulima. Kila mmoja wetu ni jiko dogo lenye moto wa taratibu.

MOTO ULIOPUNGUKIWA HEWA

Hapa naomba msikilize kwa makini, maana ni habari ya uhai.

Nimesema kaboni mmoja hushikana na oksijeni wawili. Je, oksijeni ikiwa haba itakuwaje? Kaboni atapata mwenzake mmoja tu badala ya wawili. Hapo huzaliwa gesi nyingine, iitwayo kaboni monoksaidi. Mmepata kuona ndimi ndogo za buluu zikicheza juu ya mkaa unaoanza kukolea? Hiyo ni kaboni monoksaidi inayotoka ndani ya rundo la mkaa, na ikifika juu inakuta oksijeni, inaungua, inageuka hewa ukaa. Isipoungua huingia chumbani jinsi ilivyo.

Gesi hii haina rangi. Haina harufu. Haikereketi koo. Nayo ni sumu kali.

Inauaje? Wenyeji wa Ifakara mnakumbuka pantoni lililokuwa likivusha watu katika mto Kilombero kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018. Damu yetu ni kama pantoni lile. Kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuivusha mpaka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote. Oksijeni hupanda, huvushwa, hushuka, na pantoni hurudi kuchukua nyingine. Kaboni monoksaidi nayo hupanda pantoni hilo hilo, lakini haishuki upesi. Huishika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Baada ya muda pantoni limejaa abiria wasioteremka, na oksijeni imebaki ng'ambo ikingoja. Mtu huyo anavuta pumzi, kifua chapanda na kushuka, lakini ubongo wake hauna oksijeni.

Kwanza huumwa kichwa. Kisha huona kizunguzungu, tumbo humchafuka, miguu humlegea. Aliyelala pengine hasikii hata moja ya dalili hizo. Majirani humkuta asubuhi.

Sasa fikirini masika ya kwetu. Mvua inapiga, jiko la nje limelowa, mbu ni wengi. Jiko la mkaa limeingizwa chumbani ili maharage yatokote usiku, au ili nguo za mtoto mchanga zikauke. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na nguo kuukuu imezibwa chini ya mlango. Mkaa umekolea, ni mwekundu, hauna moshi, na watu wanasema, "Moshi umekwisha, hakuna hatari." Hapo ndipo wanapokosea. Moshi una faida moja: unamfukuza mtu kwa kumwasha macho. Mkaa mwekundu haumfukuzi mtu.

Andikeni kanuni hizi nne:

1. Usilale katika chumba chenye jiko la mkaa linalowaka, hata kama mkaa umefunikwa majivu.
2. Bakuli la maji kando ya jiko haliondoi sumu hii. Ufa mdogo dirishani hautoshi.
3. Wakiumwa kichwa watu wawili watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na jiko limo ndani, tokeni nje upesi.
4. Ukimkuta mtu amezimia chumbani mwenye jiko, usikae humo. Fungua mlango na madirisha, mburute nje penye hewa safi, na apelekwe hospitali mara moja.

TANURINI

Sasa tutoke jikoni twende porini. Mchoma mkaa hukata miti, huipanga, huifunika kwa majani na udongo, na huacha matundu madogo. Kwa nini huifunika? Ni kwa sababu akiiacha wazi, oksijeni itaingia kwa wingi, na mti wote utakuwa moto na majivu. Akiifunika, kuni hupashwa joto bila kuungua sana. Kwanza hutoka maji kwa mvuke. Kisha hutoka moshi mzito, wenye lami na gesi za namna nyingi, zikiwamo kaboni monoksaidi na methani. Mwishoni hubaki kaboni.

Tupige hesabu. Kwa tanuri la kawaida la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 mpaka 20 za mkaa. Tuchukue kilo 15. Nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, basi tulianza na kilo 50 za kaboni. Katika zile kilo 15 za mkaa mna kilo 12 hivi za kaboni. Toeni:

50 – 12 = 38

Kilo 38 za kaboni zimetoka tanurini pamoja na moshi, hazikupika hata kikombe cha chai. Na tukipima joto, mkaa uliopatikana una karibu robo tu ya nguvu iliyokuwa katika zile kuni. Robo tatu imepotea kwa mwenye njaa, ingawa kwa sayansi haikupotea bali imetawanyika hewani. Mchoma mkaa akitumia kuni zilizokauka vizuri, akizipanga bila mianya, akiweka bomba la moshi na kulilinda tanuri usiku na mchana, hupata mkaa mwingi zaidi kwa miti ile ile. Hiyo ni faida yake mwenyewe, na ya msitu pia.

KABONI YA MTI ILITOKA WAPI?

Swali hili ni zuri. Wengi watajibu, "Ilitoka udongoni." Sivyo. Mti hupata maji na chumvi kutoka udongoni, lakini kaboni yake huivuta hewani kwa majani. Jani huvuta hewa ukaa, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hutenganisha kile kilichokuwa kimeungana. Kaboni hujengwa kuwa shina na matawi, na oksijeni huachwa itoke. Basi joto la jiko lako ni jua la miaka iliyopita lililowekwa akiba ndani ya mti.

Kwa hiyo kaboni ina safari ya mduara: kutoka hewani kwenda mtini, kutoka mtini kwenda motoni, kutoka motoni kurudi hewani. Mfano mzuri upo hapa hapa bondeni. Katika viwanda vya sukari vya Kilombero, miwa ikiisha kukamuliwa hubaki makapi. Makapi hayo huchomwa kuchemsha maji, na mvuke wake huendesha mitambo na kutoa umeme wa kiwanda. Hewa ukaa hutoka, ndiyo, lakini miwa inayokua shambani huivuta tena. Mduara umefungwa.

Mkaa nao ungekuwa vivyo hivyo kama kila mti uliokatwa ungerudishiwa mwingine. Lakini mti wa miombo huchukua miaka mingi kukua, na gunia huisha kwa mwezi mmoja. Pori likikatwa likawa wazi, mduara umekatika, na lililobaki ni deni. Wakazi wa kandokando ya Milima ya Udzungwa mnaijua haja ya kuni. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa huko mwaka 1992, na kwa miaka mingi wananchi waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka, mpaka ruhusa hiyo ilipokoma mwaka 2011. Mwenye kupanda miti yake ya kuni pembeni mwa shamba hangoji ruhusa ya mtu.

BLANKETI LA DUNIA

Ipo kaboni nyingine iliyotoka katika mduara zamani za kale. Mimea na wadudu wa maji walifukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita, wakageuka makaa ya mawe, mafuta na gesi. Makaa ya mawe yapo Ruvuma. Gesi ipo Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa, ambako iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inazalisha umeme Dar es Salaam. Treni ya TAZARA ipitayo Ifakara na Mlimba huenda kwa dizeli. Lita 1 ya dizeli haifiki uzito wa kilo 1, lakini ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa. Mmeshajua uzito uliozidi umetoka wapi: ni oksijeni ya hewani.

Kaboni hiyo ilikuwa imefungiwa ardhini. Sisi tunaifungulia, nayo inaongezeka hewani. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, katika sehemu milioni 1 za hewa hewa ukaa ilikuwa 280 hivi. Mwaka 1958 wataalamu walianza kuipima kila siku juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, nao wakakuta karibu 315. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 420.

Ina madhara gani? Gesi hii ni kama blanketi. Huupitisha mwanga wa jua ushuke mpaka ardhini, lakini joto linalorudi juu hulizuia lisitoke upesi. Bila blanketi lolote dunia ingekuwa baridi ya kuua. Blanketi likizidi unene, joto huzidi, na mvua hubadilika. Msidharau uchache wa gesi hii. Majani ya chai unayotia katika birika ni kidogo pia, lakini maji yote hubadilika rangi.

Methani nayo ni blanketi, tena zito zaidi: kilo kwa kilo, katika muda wa miaka 100, huzuia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa. Nayo hutoka katika majaruba yetu ya mpunga. Udongo uliofunikwa maji hauna oksijeni, na vijidudu vilivyomo huozesha majani na mizizi kwa njia nyingine, vikatoa methani. Mkikanyaga tope la jaruba mkaona mapovu yanapanda, methani imo. Wenye mifereji wanaweza kufuata kilimo shadidi: kupanda mche mmojammoja kwa nafasi, kisha kumwagilia na kuacha udongo ukauke kidogo kwa zamu. Methani hupungua, na maji huokolewa. Mashamba yanayofurikwa na mto wenyewe hayawezi kukaushwa hivyo, na mkulima wake halaumiwi.

Na hapa lazima tuseme kweli. Sehemu kubwa ya hewa ukaa iliyozidi imetoka katika nchi zenye viwanda vingi, siyo katika jiko la mama wa Ifakara. Hatusomi somo hili ili tujione wakosefu. Twasoma kwa sababu mkaa ni fedha yetu, pori ni maji yetu, na kifua ni chetu.

TUFANYE NINI?

Nguvu isiyotaka moto tunayo jirani. Kule Kidatu maji ya Ruaha Mkuu yametoa umeme tangu mwaka 1975, na uwezo wa mitambo ni megawati 204. Kihansi ilianza mwaka 2000, megawati 180. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde letu la Kilombero. Maji yaangukayo hayaungui, hayatoi hewa ukaa. Lakini yanataka mvua na misitu ya milimani. Mwaka 2006 ukame ulishusha mabwawa, na umeme ukatolewa kwa mgawo nchi nzima.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Njia moja ni gesi ya mtungi. Nayo ina kaboni, na ikiungua hutoa hewa ukaa, tusidanganyane; lakini haina moshi, huwaka sawasawa, na haikati mti. Imetiwa harufu makusudi ili ikivuja mjue. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Mkisikia harufu yake, msiwashe kiberiti wala taa. Fungeni mtungi, fungueni milango, tokeni.

Asiyeweza kununua mtungi leo ana la kufanya pia. Atumie jiko banifu lenye udongo ndani, lishikalo joto. Aloweke maharage tangu jioni. Afunike sufuria. Kila kilo ya mkaa isiyoungua ni fedha iliyobaki kibindoni na mti uliobaki porini. Na jiko, likiwa la namna yo yote, likae penye hewa.

Fanyeni maswali haya pamoja, kila mtu aandike kwa mkono wake.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kaboni: kitu kilicho kingi katika mkaa.
Oksijeni: gesi ya hewani itakiwayo na moto na viumbe.
Hewa ukaa: kaboni mmoja na oksijeni wawili.
Kaboni monoksaidi: kaboni mmoja na oksijeni mmoja, ni sumu.
Methani: gesi itokayo majarubani, pia ndiyo sehemu kubwa ya gesi ya Songo Songo.

MASWALI

1. Kilo 6 za kaboni zikiungua sawasawa zitatoa kilo ngapi za hewa ukaa?
2. Kwa nini mkaa mwekundu usio na moshi una hatari chumbani?
3. Mti hupata kaboni yake wapi?
4. Makapi ya miwa na dizeli vyote hutoa hewa ukaa. Tofauti yao ni nini?
5. Kazi ya nyumbani: Pima kilo 1 ya mkaa kabla ya kupika. Ukiungua wote, ngoja majivu yapoe, uyapime. Andika umebakiwa na gramu ngapi, kisha mweleze mtu asiyefika darasani zilizobaki zimekwenda wapi.